Mtani wa Nangurukuru

Asubuhi ile nilimkuta mama ameegemea ukuta, pumzi anaivuta kwa vipande vipande, na bado akanifukuza.

"Nenda zako," alisema. "Samaki hawangoji mgonjwa."

Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Mama mdogo, ndugu yake, aliahidi hatatoka kando ya kitanda, nami nilimwamini, lakini mama mdogo si mimi. Hofu yangu ilikuwa moja tu: mama asife nikiwa barabarani.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya kwetu Kivinje, ambayo juzi tu yalikuwa na rafu tupu, sasa yaliuza sabuni za kila rangi, na mimi nilikuwa na baiskeli mpya ya Kichina niliyoifuta kila jioni vizuri kuliko nilivyojifuta mwenyewe. Kila siku niliendesha mzunguko ule ule. Napakia tenga la vibua ufukweni, nafuata mchanga mgumu maji yakiwa yametoka, nakata kuingia kwenye minazi, napita mashamba ya mihogo na mikorosho, natokea Nangurukuru kwenye barabara kuu, kisha narudi nyumbani kwa njia ya kilima cha Singino nikiuza nusu ya tenga iliyobaki. Mtu mwenye miguu mizuri haimchoshi safari hiyo. Siku ile ilinichosha kabla sijaondoka.

Ufukweni nilikuwa nikigeuka nyuma kila mara. Nikimwona mtu anakimbia mchangani, moyo unanilipuka, kumbe anakimbilia mashua yake. Mashambani wanawake waliniita, "Samaki! Samaki!" nami nikawapita, halafu nikajigombeza kwa kuwapita, maana tenga lilikuwa bado limejaa na mgongo unaniuma. Nilifikiria kugeuza. Lakini nilishafika katikati. Mbele na nyuma kulikuwa sawasawa. Nikakanyaga pedali kwa hasira, kana kwamba baiskeli ndiyo imemfanya mama augue.

Pale Nangurukuru alikuwapo bibi mmoja muuza vitumbua, Mngindo, na sisi Wamatumbi ni watani wao. Siku zote hatukuamkiana kwa shikamoo, tuliamkiana kwa matusi. Kila siku aliniita mla panya, nikamwita mchawi mstaafu, akajichukulia samaki mmoja wa utani, nikaondoka na kitumbua cha bure. Nilipofika, lori la chumvi lilikuwa linaondoka mbele ya kibanda chake. Bibi akasimama katikati ya njia, mikono kiunoni.

"We Mmatumbi, shusha tenga. Leo wangu wote."

"Bibi, leo sina hali ya utani. Mama anaumwa."

"Nani kakuuliza? Shusha!"

Hakungoja. Alifungua mipira ya keria mwenyewe, akaliburuta tenga zima hadi kibandani, wanawake wenzake wakicheka. Niliwaka. Ningeweza kumpigia kelele mtu yeyote duniani, ila si mtani wangu. Anayemkasirikia mtani anachekwa hadi kwao. Nikasimama pale na povu langu mdomoni, nimenyang'anywa mchana kweupe, na sheria iko upande wake.

"Toka hapa na baiskeli yako, unatutimulia vumbi," alisema. Hakunipa kitumbua. "Na usisimame kwa mtu."

Nikaondoka nikimtukana kimoyomoyo njia nzima. Kilima cha Singino kila siku nilikipanda kwa miguu, nikisukuma baiskeli na kutukana. Siku ile nilitukana tu. Nilikuwa nimefika juu ndipo nikagundua kwamba sikushuka. Nimepanda nimekaa kitini, kwa sababu nyuma yangu hakukuwa na mzigo.

Hapo nikaelewa. Lile lori lilikuwa limetoka Kivinje. Kwetu mtu aliye njiani hapewi habari nzito. Huipata akishafika, akishakaa, kutoka kwa watu wa kwao. Bibi yule hakuwa na ruhusa ya kuniambia. Ruhusa aliyokuwa nayo ilikuwa ya kuninyang'anya, akaitumia yote.

Niliteremka Singino bila kugusa breki. Niliomba kwa sauti, nikichanganya dua, na za safari na za wagonjwa, chochote kilichokuja. Nilipoingia uani wanawake walikuwa wengi mno kwa saa ile, na hakuna aliyelia. Niliitupa baiskeli pale pale. Mama mdogo akanishika mkono, akaniingiza.

Mama alifungua macho.

"Umefika?"

"Nimefika, mama."

"Umekula?"

Nilitamani kusema ndiyo. Lakini mama nilikuwa siwezi kumdanganya kuhusu chakula hata siku moja.

"Bado."

"Mpeni mtoto chakula," alimwambia mama mdogo. Nilikuwa na ndevu, na bado nilikuwa mtoto.

Waliniletea ugali na mlenda. Nikakaa mkekani, miguu yangu ikigusa kitanda chake, nikala. Tonge baada ya tonge nikajilazimisha, kwa kuwa alikuwa akinitazama na uso wake ulikuwa umetulia, hauna ile kazi ya kutafuta pumzi. Nilikula kwa bidii kama mtu anayefanya mtihani. Nilimaliza, nikafuta sahani kwa kidole, nikainua uso ili aone kwamba nimeshiba.

Alikuwa bado amenielekea, macho wazi, na mkono wa mama mdogo ulikuwa umeshaanza kuyafumba.