Nani Aseme Mwisho

Mtu akishika kipaza sauti mbele yangu akasema "itifaki imezingatiwa", damu inanichemka mpaka leo. Ni heri nitoke nikakae na wapishi. Watu wa Mwisenge, hapa Musoma ninapouzia vipuri vya bodaboda, wananijua. Kwenye harusi MC akianza tu kuwataja waheshimiwa, majirani wanaacha kumtazama bwana harusi wananitazama mimi. Wanasema hasira zangu ziko karibu. Ni kweli, ziko karibu, na sina mpango wa kuzipeleka mbali.

Baba yangu alikuwaga mwalimu. Karibu maisha yake yote ya kazi alifundisha mikoa ya mbali, akastaafu, akarudi kwao Butiama kulima mihogo na kubishana na redio. Alipofariki, tulikuwa bado tuko nje ya wodi, mimi nimekaa chini sijui hata viatu vyangu viko wapi, kaka yangu mkubwa akawa ameshaanza kupiga simu. Nikadhani anawaita ndugu. Wapi! Alikuwa anawapigia wabunge. Kaka ni mtu wa ofisi, anaishi Dodoma, na huko alikuwa amewafahamu wawili waliowahi kufundishwa na baba zamani, wakiwa watoto wa shule. Mmoja mwanamama wa viti maalum, mwingine mwanamume mwenye jimbo lake. Wote si wa kwetu, majimbo yao yako huko kwingine kabisa.

"Wanakuja wote wawili," akaniambia, na sura imemng'aa msibani. "Mzee atazikwa kwa heshima."

Nikamuuliza kama amempigia shangazi. Akasema nimpigie mimi.

Shangazi alikuwa mkubwa wa baba, tumbo moja. Anaishi Murangi, kule ziwani, aliolewa huko akiwa binti mdogo. Ng'ombe zilizotoka kwa mumewe ndizo baba alizozitumia kumwoa mama yangu. Hilo kwetu si la ajabu, dada anaolewa, kaka anaoa kwa ng'ombe zake, na kaka anatakiwa amheshimu huyo dada mpaka kufa. Tatizo ni kwamba yule mume alikuwa mpigaji. Shangazi alikimbia, akarudi nyumbani Butiama na jicho limevimba. Baba akamrudisha. Kumpokea kulikuwa na maana ya kurudisha ng'ombe, na ng'ombe hazikuwepo tena, zilikuwa zimeshatolewa mahari ya mama, na mama alikuwa na mimba. Basi shangazi akarudi kwa huyo mtu, akakaa naye mpaka Mungu alipomchukua mume mwenyewe kwa wakati anaoujua Yeye. Na baba na dada yake hawakukaa tena meza moja. Wakikutana kwenye misiba walikuwa wanasalimiana kama watu wa stendi.

Nilimpigia, naye akaja. Miguu yake ni mibovu, anatembea na fimbo, lakini alitoka Murangi alfajiri akaingia Butiama siku moja kabla ya maziko. Asubuhi ya maziko nilimpelekea maji ya kunawa. Akanawa uso, akaniambia, "Mama, nimekuja kumwachia."

Yeye ananiitaga mama. Nikaelewa mara moja, maana kwetu ukiwa na neno na marehemu unalisema kaburi likiwa wazi, jeneza linaonekana, halafu unatupa udongo na yamekwisha. Udongo ukishafunika, neno limebaki kwako. Na mkubwa wa tumbo ndiye anayesema mwisho, baada ya watu wote, kisha udongo wake ndio unatangulia. Mwenye neno ambaye hajalisema hagusi chakula cha msiba. Shangazi tangu afike alikuwa anakunywa maji tu.

"Miaka yote hiyo nimeibeba," akasema. "Nimechoka nayo. Leo naishusha."

Nilienda nyuma ya nyumba nikalia. Nikamfuata kaka, nikamwambia mbele ya MC: shangazi anasema mwisho. Kaka akaitikia, MC akaitikia, akasema ipo kwenye ratiba.

Maziko yalikuwa saa saba mchana. Saa saba ikafika, waheshimiwa hawapo. Saa nane, hawapo. Kaka anazunguka na simu mbili. Kumbe walikuwa wamefika Bunda zamani! Wametoka Mwanza kila mmoja na gari lake, wamefika Bunda wakasimama, huyu hotelini, yule kituo cha mafuta, na kila mmoja anampigia kaka kumuuliza, "Mwenzangu ameshafika?" Kwa sababu mkubwa ndiye anayeingia mwisho, watu wakiwa wameshakaa, wasimame. Aliyetangulia ni mdogo. Basi hakuna aliyetaka kutangulia. Jamani, maiti iko juani, watu wamefunga kutoka asubuhi, na watu wazima wawili wamekaa Bunda wanachunguliana!

Ikabidi kaka awadanganye wote wawili. Kila mmoja akaambiwa mwenzake ameshaingia. Wakatoka mbio, wakafika pamoja, vumbi tupu, wakashuka wanatazamana kwa macho ya kuuana huku wanakumbatiana.

Halafu ikaja kazi ya viti. Mwanamama ana vipindi vitatu bungeni, kwa hiyo yeye mkubwa. Mwanamume ana vipindi viwili, lakini aliwahi kuwa naibu waziri kwa kitambo kifupi, tena yeye alipigiwa kura na wananchi, si viti maalum, kwa hiyo yeye mkubwa. Haya sikuyaota. Niliyasikia kwa masikio yangu nikiwa nimebeba sufuria, makatibu wao wawili wamesimama kando ya turubai wananong'onezana kwa meno: "Vipindi vya viti maalum huwezi ukavilinganisha na jimbo." "Unaibu waziri ulishaisha, sasa hivi wote ni wabunge wa kawaida." Kaka katikati yao anatoa jasho. Baba mwenyewe, ambaye darasani alikuwaga anawachapa wote fimbo sawasawa, amelala pale mbele na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameenda kumtazama.

Wakakubaliana, kwa shida, mwanamama atangulie kuongea. Akaongea. Alisema mambo mazuri ya baba, siwezi kumnyima hilo, ila alianza kwa kukumbusha ameingia bungeni lini. Akafuata mwanamume, naye akaongea, akakumbusha alivyokuwa wizarani. Alipokaa, nikashusha pumzi. Nikageuka nikamwona shangazi kwenye mkeka wa kina mama anaanza kujiinua, ameshika fimbo yake, dada mmoja anamshika mkono.

Ndipo yule mwanamama akasimama tena. Ati neno la shukrani. Yaani amegundua kwamba aliyeongea mwisho ni mwenzake! Akashukuru, akashukuru, akaishukuru mpaka serikali. Shangazi akakaa. Mwanamama alipomaliza, mwanamume naye juu: "Naomba nimalizie kidogo tu." Watu wakaanza kuguna. Mimi nilikuwa nimeuma mdomo mpaka nikasikia chumvi. Alivyomalizia hiyo kidogo yake, jua lilikuwa limeshalala upande wa ziwa, na makatibu wakawa wanamwonyesha MC saa, kwamba waheshimiwa wana ndege ya kuwahi Mwanza.

MC akachukua kipaza sauti. "Ndugu waombolezaji, kwa kuzingatia muda, na kwa kuwa waheshimiwa wana safari ndefu, tutaruka baadhi ya vipengele. Itifaki imezingatiwa. Sasa tutaelekea kwenye udongo."

Kipengele kilichorukwa kilikuwa shangazi yangu.

Nilipita katikati ya viti, sikumbuki nilikanyaga nani. Nikamshika kaka koti. "Shangazi bado!"

"Ataongea baadaye, tukiwa sisi wenyewe."

"Baadaye gani? Kaburi litakuwa limefunikwa! Wewe mila za kwenu umezisahau Dodoma?"

"Punguza sauti. Usituaibishe mbele ya wageni."

Wageni! Na kule kaburini wageni wenyewe wameshainama pamoja, kila mmoja anataka udongo wake utangulie, mabega yao yanagongana, na mabonge yakadondoka kwenye jeneza la baba yangu kwa mpigo mmoja. Wapiga picha wakapiga. Waheshimiwa wakapukuta mikono. Mchungaji, maskini, naye akasoma alichopewa kusoma, na vijana wakashika sepetu.

"Simamisheni!" nikapiga kelele. Vijana wakasimama kweli. Wakanitazama mimi, wakamtazama kaka. Kaka akawaonyesha kwa mkono kwamba waendelee, na wakaendelea, kwa sababu yeye ndiye mkubwa wetu na mimi ni mdogo, tena mwanamke. Siku ile hakuna aliyekuwa tayari kusahau cheo chake isipokuwa shangazi, ambaye alikuwa na cheo kuliko wote.

Alikuwa anakuja. Hakuwa mbali, ila miguu ndiyo hiyo, na viti vya plastiki vimejaa njia, na walinzi wa misafara wanasukuma watu wapishe magari. Alipofika, lilikuwa tuta. Vijana walikuwa wanalipiga mgongo wa sepetu lilainike. Akasimama pale ameegemea fimbo. Nyuma yetu milango ya magari inafungwa, pa, pa, na hata kuondoka walikuwa wanategeana nani atangulie.

Nikamwambia, "Shangazi, sema tu. Atakusikia."

"Atasikia nani? Huo ni udongo."

"Baba yupo hapo chini, sema."

"Wewe hujui kwamba maneno yetu yanasemwaga akiwa wazi? Acha kunichezea, mama." Hakusema kwa ukali. Akaomba kandambili zake, maana alikuwa amezivua kama inavyotakiwa kwa mtu anayekwenda kusema na marehemu. Nilimletea sahani, akaikataa. Kesho yake asubuhi akarudi Murangi hajatia kitu mdomoni, na mimi nikaapa sitaongea na kaka mwaka huo, na sikuongea naye.

Baada ya miezi kadhaa nilienda Murangi kumwona. Nilimkuta ameanika dagaa kwenye nyavu, anawageuza kwa mkono, anakung'uta mchanga. Tukaongea habari za mvua, za watoto, za bei ya mafuta. Jina la baba hakulitaja. Nikilitaja mimi, anauliza kilo ya dagaa ni bei gani siku hizi huko mjini. Nikaacha.

Simu yangu ikaita. Namba ngeni. Mtu akajitambulisha kwamba ni katibu wa mheshimiwa, yule wa viti maalum. Video ya msiba nilikuwa nimeisimamia mimi, nilimpa kijana wa studio jirani na duka langu aikate vizuri kwa ajili ya familia, na kaka alikuwa amewatumia na wao. Sasa katibu ananiomba, kwa heshima zote, nimwambie kijana airekebishe kidogo. Mheshimiwa anaonekana ametangulia kuongea, na jinsi ilivyokatwa, shukrani yake imekuja kabla ya mwenzake kumalizia. Haileti picha nzuri, uchaguzi unakaribia. Je, inawezekana mheshimiwa aonekane ameongea mwisho?

Nilisimama. Nadhani hata wavuvi waliokuwa ufukweni walinisikia. "Sikiliza, katibu. Aliyetakiwa kuongea mwisho ninaye hapa mbele yangu. Ana miguu mibovu na anaanika dagaa. Ndiye mkubwa wa marehemu, alimbeba mgongoni. Ninyi mlimlia muda wake kwa mdomo, na mpaka dakika hii hajaongea. Kamwambie mheshimiwa wako hivyo. Na yule mwingine mwambie pia, sijali utaanza na nani!"

Nikakata. Shangazi alikuwa amesimamisha kazi, ananitazama.

Nikapiga magoti kwenye mchanga mbele yake, mimi mtu mzima mwenye wajukuu. Nikamwambia, "Shangazi, nakuomba. Niambie mimi. Mimi ni damu yake. Yale uliyotaka kumwachia, niachie mimi, yaishe."

Akanishika kidevu na vidole vyake vinavyonuka samaki.

"Nikuachie wewe nini, mama? Wewe hujanikosea kitu," akasema. "Wewe ndiye ng'ombe zangu."

Akainama akaendelea kugeuza dagaa. Jioni alinifungia wengine kwenye mfuko, nikarudi nao Musoma.