Nusu Saa ya Angani

Juzi asubuhi, kwenye ofisi ya tiketi za ndege Chikongola, hapa Mtwara mjini, mama mmoja wa kijiji cha Msimbati alinitangulia kwenye foleni. Alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nikishafika Unguja, mpaka Pemba ndege inachukua muda gani?"

Karani akatazama kompyuta, akatabasamu. "Nusu saa tu, mama. Ni karibu mno."

"Binti yangu kafia huko Pemba alfajiri. Wanazika alasiri."

Tabasamu likakatika. "Pole, mama. Ila kutoka hapa Mtwara, ndege ni kesho kutwa."

Mama akajitanda kanga upya, taratibu. "Sasa hiyo nusu saa uliyonitajia ni ya nani?"

Sote tukageukia ramani ya nchi iliyokuwa ukutani. Visiwa vilionekana vizuri, vimekaribiana. Mtwara ilikuwa imefunikwa na kalenda.