Herufi Zilizotazama Kushoto

Juzi juzi mjukuu wangu kaniharibia kahawa yangu ya alasiri, na nnamshukuru. Tunakaa Khuwair ya Kusini, ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia, na sebule ile ndiyo ufalme wangu: birika langu, tende zangu, mto wangu wa kuegemea. Yeye akaingia na karatasi kubwa ngumu, akaitandaza zulia zima, sahani ya tende akaisukuma kando kama takataka.

"Bibi, nipishe kidogo. Nna kazi ya skuli."

"Nikupishe? Nyumba ya nani hii?"

Akacheka. Umri mdogo, ulimi mrefu, kauchukua kwangu. Kazi yenyewe, akanambia, ni kusimama mbele ya darasa aeleze herufi za Kiingereza zimetoka wapi. Nikamwambia zimetoka Uingereza, basi, kunja karatasi yako tunywe kahawa. Akatikisa kichwa.

"Hazikutoka huko, bibi. Zimetoka huku kwetu, nchi za Sham na Misri. Tazama. Hii A ilikuwa kichwa cha ng'ombe. Jina lake alifu, na alifu kwa watu wale ni ng'ombe. Wayunani wakaichukua, ikapinduka, pembe zikawa miguu. B ilikuwa nyumba. Wakiiita bet."

"Beti ni nyumba," nikasema. "Baiti."

"Ndiyo hiyo hiyo! Na K ni kiganja, kaf. O ni jicho, ain. M ni maji."

Nikaweka kikombe chini. Akaendelea: Wayunani wakawapa Warumi, Warumi wakawapa wengine, mpaka zikafika kwa Waingereza. J ndiyo mtoto wa mwisho, kazaliwa juzi tu kutoka ubavuni mwa I. Na Waingereza walikuwa na herufi yao moja ya kutamkia "th", wakaipoteza, mpaka leo wanaunga mbili ili wapate sauti moja. Hapo nikacheka. Sie thee yetu ya thawabu tunayo, hatujaitupa popote.

Kisha akasema jambo lililonitoa kwenye mto wangu. "Na zamani, bibi, waliziandika kutoka kulia, kama Kiarabu. Na herufi zenyewe zilitazama kushoto. Baadaye ndio wakazigeuza."

"Soma tena," nikamwambia. "Pole pole."

Akasoma tena. Nikaangalia picha ya jiwe la kale aliyoibandika, na wallahi, ile E ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeishona kwa mkono huu.

Sasa nisikilize weye unayesoma, nikupeleke Sidab.

Tulipotoka Unguja kuja nchi hii ya Waarabu nilikuwa msichana mdogo, na nyumba ya kwanza tuliyopanga ilikuwa Sidab, kijiji cha wavuvi, nyuma kabisa, mlima unaianikia joto lake ukutani. Asubuhi ilinuka dagaa waliotandazwa juani, mchana ilinuka nazi. Nazi zenyewe hazikuwa nyingi, lakini bibi yangu alikuja na mbuzi yake ya kukunia akaifungia ndani ya mkeka kama dhahabu, na hakuwa mtu wa kukubali wali mkavu kwa sababu tu kahamishwa nchi. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kuosha samaki, na kushona kofia.

Kofia ndiyo ilikuwa skuli yetu. Bibi alinikalisha mlangoni penye mwanga, kitambaa cheupe mapajani, nizungushie uzi vile vitundu vidogo mpaka vidole viwe kama si vyangu. Akimaliza kusifu upande wa nje, anageuza ndani. Akiona fundo moja au uzi unaoning'inia, anafumua yote. "Kofia haina nyuma," alikuwa akisema. "Mwenye kuivaa anajua kilichomo ndani, na Mungu anajua." Nimelia sana kwa maneno yale.

Ikafunguliwa skuli ya wasichana. Mimi kwa darasa la kwanza nilishakuwa mkubwa, na Kiarabu changu kilikuwa cha kununulia chumvi. Lakini mwalimu, mwanamke wa Kimisri mwenye viatu vyenye kelele, alisema msichana mkubwa atakayeweza kuandika herufi zote za Kiingereza ubaoni atamchukua darasa la alasiri. Bibi alisikia habari ile kama mtu anayesikia bei ya nyama. Mie kwake nilishajua kusoma: chuoni nilianza alifu, bee, tee, nikahitimu msahafu. Herufi za Kizungu aliziita vijiti na vitundu.

"Utakwenda mara moja," akasema. "Ukishindwa, hakuna skuli. Utakaa na sindano yako mpaka uolewe, na sitaki kusikia kilio."

Akisema, kasema.

Daftari sina, kalamu sina. Baba alikuwa akifanya kazi ya barabara huko ndani ya nchi, anakuja Ijumaa moja moja. Aliniimbia majina ya herufi kwa mpangilio wake, akalala, akaondoka. Sura zake nikazitafuta mwenyewe: kwenye kopo la maziwa, kasha la chai, gunia la mchele, debe la biskuti. Q ilinitesa kweli kweli. Nilikuja kuikuta kwenye sanduku la jirani lililotoka Bombay. Kila niliyoipata niliishona mahali pake kwenye kipande cha kitambaa cha kofia kilichobaki.

Na nilishona kama mtu aliyefundishwa na bibi yangu na mwalimu wake wa chuo. Kuandika kunaanzia kulia, nani asiyejua? Na kwa akili yangu, herufi inatazama inakokwenda. Ile E kwenye kopo ilitazama kulia, mimi safari yangu ni ya kushoto, basi nikaigeuza ishike njia. B hivyo hivyo, K hivyo hivyo. Sikuona ajabu. Msafiri haendi kinyumenyume.

Siku ikafika. Bibi akavaa buibui lake, akanisindikiza mpaka mlango wa darasa, akasimama hapo hapo, shavu limejaa tambuu. Mwalimu akanipa chaki. Nikaanza A, pembeni kabisa kulia, nikaenda zangu. Sikuwa nimefika hata G, darasa likaangua kicheko.

"Mtazameni bint Zinjibar!" mmoja akapiga kelele. "Anaandika kwa mwendo wa kaa!"

Mwalimu naye akajizuia, lakini mabega yakamcheza. Akaja akanyoosha mkono: lete chaki. Nilijua maana yake. Niliona ile sindano inayoningoja maisha yangu yote. Nikampa. Machozi sikuyatoa, kwa sababu nilishaambiwa kilio hakitakiwi.

Nikasikia kitu kinakung'utwa mlangoni. Bibi alikuwa akifungua kitambaa alichofungia tambuu, na kitambaa chenyewe ni kile changu cha herufi. Alikiokota mkekani akakifanyia kazi, maana kwake kitambaa hakikai bure. Popoo zake za kutafunia tambuu zikamwagika sakafuni. Alikuwa akitazama ukuta wa nyuma ya darasa, kwenye karatasi ya herufi zilizopigwa chapa. Zile A na Z hakuzijua. Lakini sura ya mshono ameijua tangu ujana. Akakigeuza kitambaa, upande wa ndani ukawa nje, akakinyanyua kwenye mwanga wa dirisha.

Kiarabu cha kuzungumza bibi hakuwa nacho. Alichokuwa nacho ni cha msahafu, na humo akalitoa neno la kumwambia mwanamke atazame, kwa sauti nzito:

"Undhuri!"

Mwalimu akageuka kama aliyeitwa na imamu. Akatazama. Upande ule, herufi zangu zilikuwa zinaanzia kushoto, zinatazama kulia, zote kwa safu yake, hakuna fundo, hakuna uzi unaoning'inia. Akakiweka kitambaa kando ya ile karatasi ya ukutani, akapitisha kidole, juu na chini, mpaka mwisho. Kisha akacheka, lakini sasa kwa furaha, akanirudishia chaki na kunionyesha upande wa kushoto wa ubao.

Nikafumba macho, nikakigeuza kitambaa kichwani mwangu. Nikaandika mpaka Z. Chaki ikabaki kipande kidogo kama jino la mtoto.

Njiani bibi hakunipa hongera. Alisema, "Popoo zangu zimepotea," na jioni nikaona kipande kikubwa cha samaki kwenye sahani yangu.

Sikusoma sana. Ndoa ilikuja mapema, nikaenda. Lakini sanduku la dawa nnalisoma mwenyewe, kibao cha barabara nnakisoma mwenyewe, na hakuna mtu mwingine aliyeniwekea saini. Kile kitambaa kiliendelea kubeba tambuu mpaka kikachanika. Bibi kalala Sidab siku nyingi sasa, nyumba ile imevunjwa, na kofia zinatoka mashine. Ukizigeuza utaona manyuzi tele.

Mjukuu alipokwenda kusema mbele ya darasa lake, nilikuwa nimemshonea kitambaa kipya, kutoka kulia, herufi zinatazama kushoto. Nilikwenda naye. Kiti nikakikataa, nikasimama mlangoni. Akakinyanyua, wenziwe wakacheka, akawaacha wacheke washibe. Nilimpenda kwa hilo. Akawaambia, "Mnacheka herufi za babu wa babu zenu." Kisha akakigeuza kwenye mwanga, akanitazama mie, akapaza sauti:

"Undhuri!"

Wakatazama wote. Upande wa ndani hapakuwa na fundo hata moja.