Karatasi ya Namba Niliyompa Mjukuu Wangu

Wewe unayesoma hii ukiwa umejilaza kwa kiti, mara ya mwisho ulikanyaga kwa nyanya yako ni lini? Krismasi ile nyingine? Na ukaja na mkate mmoja, ukamaliza kibuyu kizima cha maziwa ya mursik, ukaenda. Aibu! Kaa hapo unisikilize, maana nimeumia na sina mwingine wa kuambia.

Mwenye ukurasa, ficha jina langu. Mimi ni kogo, yaani nyanya, wa miaka sabini na kitu, mwaka wenyewe hakuna aliyeuandika. Nimechuma chai upande huu wa Sosiot tangu niolewe. Shule sikuingia hata siku moja. Anayeniandikia ni jirani yangu Mama Akinyi, wa watu wa ziwani, na nimemkataza kupunguza neno.

Naishi na mjukuu wangu, nitamwita Chebet. Ana miaka ishirini na nne. Mama yake alituacha mapema, nikamlea mimi. Akasoma mpaka chuo, mambo ya kuandika programu za kompyuta, akarudi nyumbani ajiajiri, afanyie watu wa mbali kazi kwa mtandao. Mwaka mzima alikaa kwa meza yangu ya jikoni akiomba kazi. Kila mahali wanamuuliza, "Umewahi kufanyia nani?" Sasa huyo wa kwanza atoke wapi kama kila mtu anataka kuwa wa pili? Akiuliza swali kwa vile vikundi vya simu wanamcheka, "Hata hiyo hujui?" Siku moja akaniambia, "Kogo, wewe ulipoanza kuchuma ulikuwa na mtu kwa laini ya michai iliyo kando yako. Mimi niko peke yangu kwa laini."

Na ni kweli. Siku yangu ya kwanza nilichuma majani makubwa, magumu, nyapara akamwaga kikapu changu chini mbele ya watu. Kesho yake mama mkwe akashika laini ya kando yangu. Nikikosea ananichapa vidole, nikipatia ananyamaza. Hivyo ndivyo mikono yangu ilivyojua kazi.

Basi karani wa kituo chetu cha majani akampa Chebet nafasi. Lori la kiwanda huwa halina saa. Unangoja kituoni na gunia mpaka majani yanapata moto. Chebet akaunda kitu: lori likitoka kiwandani, karani anabonyeza simu yake mara moja, na kila mkulima anapata meseji abebe majani. Akajaribu na watu sita. Ikafanya kazi! Nilicheza hapo jikoni. Akaniambia, "Kogo, usiambie mtu bado. Sina wa kunikagulia kazi. Wacha nikae na hawa sita kwanza."

Mimi huyo, Jumapili nikasimama kanisani. Nikasema mjukuu wangu amemaliza shida ya lori, leteni namba. Karatasi ikazunguka, ikajaa pande mbili. Nilimpelekea Chebet nikitembea kama bibi harusi.

Alikasirika, lakini angewarudisha watu vipi? Akashika karatasi akauliza, "Mama Akinyi ameangalia hizi namba kama ziko sawa?"

Nikasema, "Ameangalia."

Hakuwa ameangalia. Sikutaka kungoja. Na mimi kwa karatasi naona tu mistari kama nyayo za kuku. (Mama Akinyi ameacha kuandika kidogo, ananiangalia. Andika, mama. Ndiyo ukweli.)

Siku ya lori, watu walikaa nyumbani wakingoja meseji. Karani akabonyeza. Kumbe ile namba ya nne kwa karatasi ilikosa tarakimu moja, na programu ilipofika hapo ikasimama kama punda. Watu watatu tu wa mwanzo ndio walipata; hata wale sita walikuwa wamepangwa nyuma ya karatasi. Lori likaja, likaenda. Majani ya kijiji kizima yakageuka mekundu ndani ya magunia.

Jioni hiyo walijaa uani kwangu. Mmoja akasema, "Hiyo meseji ulitumia mbuzi?" Mwingine, "Hiyo kompyuta ifunge kikapu mgongoni, angalau itachuma!" Wakacheka. Mjane wa huko chini hakucheka, alimwaga gunia lake mbele ya mlango wetu. Karani akauliza, "Kosa ni la nani?"

Chebet aliniangalia. Mimi nikaangalia kuku.

Akasema, "Ni langu. Ningejaribu na namba mbaya kwanza, nione kama itasimama, kabla ya kuwapa."

Baadaye alinieleza kwamba mzoefu yeyote angemwambia hivyo siku ya kwanza. Hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenitukana! Juma lililofuata alifunga kompyuta kwa leso yangu, akaenda kuchuma chai ya kibarua kwa shamba kubwa upande wa Bomet. Jumapili huja na sabuni yangu, anakaa mlangoni, haangalii ile meza. Vidole vyake vimekuwa vyeusi kama vyangu. Nililea huyu mtoto ili vidole vyake visiwe vyangu.

Watu bado wanamwita "Meseji". Mimi bado naongoza akina mama kanisani, na hakuna kati yao anayejua. Wajukuu, niambieni. Nikisimama pale pale kanisani, niseme kwamba ule uongo ulikuwa wangu, Chebet atafungua ile leso? Ama nimechelewa, nitakuwa tu nimemrudishia aibu kwa midomo ya watu? Usingizi nimeukosa. Nishikeni mkono.

Na wewe unayeandika hizo programu, najua uko hapo unasoma kimya. Ukija, kuja Jumapili. Mkate uache dukani. Niletee ile kazi yako ya kwanza iliyoharibika, uiweke juu ya meza yangu Chebet aione, halafu uvute kiti ukae kando ya chake.