Nikidai Paa Langu, Ndoa ya Binti Yangu Inavunjika

Admin, tafadhali nifiche kabisa, maana wengi wa kanisani kwetu wanasoma hapa. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na nne, upande wa Tulia, Kitui. Naandika nikiwa jikoni, na jikoni ndiko ninakolala siku hizi, kwa sababu nyumba yangu kubwa haina paa.

Mabati yalipoanza kuvuja, niliona heri kazi nimpe mume wa binti yangu, ambaye ni kontrakta huko Kambu. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Sisi Wakamba tuna nthoni, ile heshima ya mkwe na mama mkwe: hatuketi pamoja, hatubishani, hata macho hatukaziani. Sasa mtu kama huyo utamwuliza vipi kazi imefika wapi? Nililipa yote kupitia kwa binti yangu, bila kuandikiana. Vijana wake wakang'oa mabati ya zamani, wakayabeba, na hawakurudi tena. Kila nikiuliza, binti ananiambia, "Mwaitu, si ungoje kidogo, ako na pressure mingi."

Nilingoja mpaka mvua ikaozesha kitanda alichoniachia marehemu. Nikafunga leso kiunoni, nikaenda kushtaki katika mahakama ya madai madogo. Hakimu alinisikiliza vizuri, halafu akafunga faili. "Mama, huyu ametangazwa mufilisi. Mimi siwezi kuendelea na hii kesi. Madai dhidi yake sasa yako chini ya Mahakama Kuu iliyotoa hiyo amri. Jiandikishe kwa msimamizi wa mali yake." Nililia hapo kwa korido bila haya.

Nikaenda kwa huyo msimamizi. Akanieleza kwamba nitakula kiapo kuhusu deni ninalomdai mkwe, kisha akauliza, "Na wewe, amewahi kukupea mali yoyote? Zawadi, mifugo, chochote? Kama alipeana akiwa na madeni, korti inaweza kuitisha irudi." Mbuzi wa ntheo, wale aliomposea binti yangu! Aliwaleta akiwa tayari anadaiwa kila mahali, nami nikawapokea kwa vigelegele. Kwetu mbuzi hao ndio ndoa yenyewe. Wakirudi, binti yangu si mke wa mtu, na sasa ana mimba ya miezi saba. Nikamwambia msimamizi nitarudi siku nyingine.

Jumapili iliyopita binti alikuja, na nilipomweleza swali la msimamizi, akapiga magoti. "Mwaitu, wachana na hiyo kesi. Ukitaja mbuzi, nitaenda wapi na hii tumbo?" Nilimkasirikia, nikamhurumia, nikamkasirikia tena. Hakuniuliza mimi nalala wapi. Bwanake alikuwa amesimama nje ya lango, amenipa mgongo kwa heshima. Heshima! Aliyenivua paa anaona haya kunitazama usoni.

Nikiapa na kuwaficha mbuzi, nimemdanganya Mungu na naweza kufungwa. Nikisema ukweli, nimemvunjia mwanangu nyumba, na mjukuu azaliwe bila baba. Nikinyamaza, nitazeekea hapa jikoni na moshi wake. Mawingu yameanza kujikusanya. Siku ile ya ntheo, kwa furaha yangu, niliwajengea mbuzi wale banda la mabati mapya. Mvua ikija watalala pakavu, na mimi nitakuwa nikihamisha godoro, maana hata hili jiko linavuja.

Nyinyi mliozaa, nishaurini bila matusi. Nifanye nini?