Mbeyu Arudi Kwenye Usukani

Kwa miaka ishirini na sita Mbeyu wa Garama aliendesha gari la zahanati moja ya misheni, bara ya Malindi. Barabara zilikuwa vumbi jekundu wakati wa kiangazi na tope tupu wakati wa masika, lakini wajawazito aliwafikisha hospitalini. Watoto watatu walizaliwa ndani ya ile landrova, wawili wakiwa pacha.

Alipostaafu alinunua pikapu kuukuu, akawa anapeleka mihogo na nazi sokoni. Kisha macho yakaanza kufifia. Siku aliyoparuza ukuta wa duka pale mtaani Kisumu Ndogo, ukuta alioupita miaka yote, alizima gari, akashuka, na alipofika nyumbani akamkabidhi mwanawe Kalume ufunguo. Leseni ikaisha muda, naye akaiacha.

Alikaa hivyo miaka minne, mpaka madaktari walipomtoa mtoto wa jicho, kwanza la kulia, halafu la kushoto. Bandeji ya mwisho ilipofunguliwa alimkazia macho muuguzi aliyekuwa akimhudumia wiki nzima.

"Mwanangu, kumbe una mwanya!"

Muuguzi akacheka, na Mbeyu akauona mwanya vizuri zaidi.

Kufika nyumbani akasema anataka leseni yake.

"Mama, una miaka sitini na tisa," Kalume alisema. "Pumzika. Mimi nitakupeleka popote utakapo."

"Jumapili nilikuomba unipeleke kanisani. Nilikwenda na nani?"

Kalume akainamisha kichwa. Mama yake alikuwa amekwenda peke yake, kwa miguu.

Kwa kuwa leseni ilikuwa imelala miaka mingi, na macho yamepasuliwa, aliambiwa lazima ajaribiwe upya. Asubuhi ya mtihani walikuwa kumi na wawili, wote vijana isipokuwa yeye. Mtahini, kijana wa Lamu aitwaye Zein, alimwamkia kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Zein akamwonyesha ubao wa herufi ukutani. Mbeyu alisoma mstari wa kwanza hadi wa mwisho, hakukosea hata herufi moja. Kisha akaendelea, akasoma na jina la mpiga chapa lililoandikwa pembeni kabisa, dogo kama sisimizi. Vijana wakapiga makofi.

Mbeyu akashika usukani wa gari la mtihani, Zein ubavuni, wakatoka barabarani. Mambo yalikwenda vyema mpaka walipoingia uchochoro mmoja mjini na kukuta lori la matofali limekwama mbele yao, limeziba njia yote. Hapakuwa na nafasi ya kugeuza gari. Kulia ukuta, kushoto vibanda vya mboga, na nyuma mkokoteni wa maji umeegeshwa vibaya.

"Basi, mama," Zein alisema, akifungua mkanda. "Shuka, nitalitoa mimi. Hili halimo kwenye mtihani."

"Funga mkanda, mwanangu."

Mbeyu aliweka gia ya kurudi nyuma. Akatazama kioo cha kulia, cha kushoto, akageuza shingo. Gari likaanza kurudi polepole, likaupita mkokoteni kwa nafasi ya kiganja. Muuza mboga aliyekimbilia kuokoa nyanya zake alisimama nazo mkononi, hazikuguswa. Walipofika barabara kuu Zein alipumua.

"Mama, nani alikufundisha hivi?"

"Njia ya Ganze, wakati wa mvua, na mwenye uchungu wa kuzaa kiti cha nyuma."

Zein aliandika kwenye karatasi yake, akaipiga mhuri palepale juu ya goti.

Leseni ilipotoka Mbeyu aliitazama picha yake kwa muda mrefu. Alikuwa ametabasamu, ingawa waliambiwa wasitabasamu.

Jumamosi iliyofuata alishika njia na ile pikapu kwenda Mnarani kumsalimia dadake Easter. Kalume alikaa ubavuni, ameshika mlango kwa mikono miwili. Wakapita Gede, wakapita msitu, Mbeyu akiimba kwa sauti ya chini. Walipofika daraja la Kilifi alimwita mwanawe atazame maji yalivyong'aa, lakini hakusikia jibu. Akageuka mara moja, akamwona. Kalume alikuwa amelala fofofo.