Usafi Uliomponza Shizuka

Watu wasafi kupita kiasi hunikera, nasema wazi. Lakini Shizuka Motegi ni rafiki yangu, basi nisikilizeni.

Karakana yetu hapa Ueda huotesha vijibomba vya kaboni, vyembamba kuliko unywele, juu ya bati jembamba la chuma. Bati hulazwa ndani ya bomba la kioo, tanuri likawaka, gesi ikapita, na kaboni iliyomo ikaota juu ya chuma, nyeusi tii. Shizuka ndiye mlezi wa tanuri hilo. Kila mwisho wa mwaka tunafanya usafi mkubwa, maana mwaka mpya haukaribishwi kwenye uchafu. Safari hii alisugua mpaka ndani ya bomba, masizi ya miaka yakatoka. Tukampigia makofi, wajinga sisi.

Tangu hapo bati likawa linatoka linang'aa vilevile kama lilivyoingia. Na leo wateja wanakuja. Wasipoona weusi, tanuri linauzwa, Shizuka anahamishiwa Osaka, na mama mkwe wake asiyetoka kitandani nani atamlisha uji?

"Ni mimi niliyeharibu," Shizuka alisema asubuhi, uso umemshuka. "Yale masizi yalikuwa yakiisaidia gesi kuachia kaboni yake. Bosi, niruhusu nilichafue bomba kwanza."

"Gesi imebaki ya mara moja tu," bosi Yanagisawa akasema.

"Nusu nitalichafulia bomba, nusu nitaoteshea kaboni."

"Wee!" nikamaka. "Gesi ya mwisho uitumie kutengeneza masizi? Umerogwa?"

"Nimerogwa na kitambaa cha kusafishia, dada."

Bosi alikunja mikono, akautazama mshale wa kipimo cha gesi mpaka nikataka kumpigia kelele. Kisha akasema, "Chafua."

Kuta za bomba zikageuka kahawia, halafu nyeusi. Bati likaingia. Mshale wa gesi ukashuka mpaka chini. Tukingoja tanuri lipoe, tukasikia wageni wanavua viatu mlangoni. Shizuka alikuwa amekunja mikono kifuani, amelikodolea bomba macho.

Akavuta bati nje.

"Jeusi!" nikapiga yowe. "Jeusi ukingo hadi ukingo!"

Wageni wakainama kulitazama. Shizuka, kwa mazoea, akaokota kitambaa apanguse mdomo wa bomba. Bosi akamnyang'anya, akakitia mfukoni.

"Mama, nakuomba. Liache na uchafu wake."

Shizuka akacheka, kisha akaangua kilio mbele ya wageni, jambo ambalo kwetu ni aibu kubwa. Hakuna aliyemnyamazisha.